Mashine Iliyokaa Eda

Ukitaka kumjua Nyaga, fundi wa Embu, mtazame anapopokea kitu kilichoharibika. Haulizi kilianza lini kusumbua wala nani alikiangusha. Anakiinua, anakiweka sikioni, anafumba macho. Watu humcheka, wakasema fundi huyu anatibu kama mganga, lakini wakirudi jioni wanakuta redio inaimba na kicheko chao kimewaishia.

Kibanda chake kilipakana ukuta kwa ukuta na bucha ya Mzee Ismael, na kwa miaka mingi alifanya kazi huku akisikiliza panga la jirani likikata mifupa upande wa pili. Walikuwa watu wa dini mbili na lugha moja. Babu yake Mzee Ismael alifika Embu kwa njia ambayo hakuna tena anayeikumbuka, lakini mjukuu alizaliwa papa hapa, na Kiembu alikisema hivi kwamba wazee wa Runyenjes, wakimsikia kabla ya kumwona, walimuuliza yeye ni wa ukoo gani. Mchana alimtumia Nyaga kipande cha maini ya kuchoma. Mizani yake ya umeme ilipoanza kusema uongo, Nyaga ndiye aliyeirudisha kwenye haki. Kisha mwezi mmoja wa mvua mzee akashikwa na kifua, akalazwa, asirudi. Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi Nyaga alifungua kibanda, akakaa, akangoja panga lianze. Halikuanza. Machozi yalimtoka mbele ya mteja aliyekuja kuchaji simu, na wala hakujali.

Wiki chache baadaye alijiwa na Zuleka, binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi huko Nkubu.

"Nyaga, kuna kitu nataka unitengenezee," alisema, "na sijui kama hiyo kitu iko duniani."

"Sema kwanza. Kama haiko tutaijua."

Ndipo akamweleza. Miezi kadhaa kabla mzee hajaugua, watu wa kituo kidogo cha televisheni, kinachotangaza kwa Kiembu, walifika na kamera nyumbani kwao, mtaa wa Dallas hapa hapa Embu. Walikuwa wakitengeneza kipindi kuhusu watu wa zamani wa mji. Mzee aliketi sebuleni na kofia yake safi, akaulizwa maswali. Mkewe, Kuruthumu, alikuwa jikoni akiwaandalia chai wageni. Kupitia ukutani alimsikia mumewe akilitaja jina lake, Kuruthumu, waziwazi kabisa, na muda mfupi baadaye wageni wakaangua kicheko. Walipoondoka alimuuliza, "Umewaambia nini juu yangu?" Mzee akamjibu, "Ngoja, utaona kwa televisheni." Akauliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Jibu likawa lile lile, maana mzee alikuwa mtu wa kushikilia neno kama anavyoshikilia mfupa. Kifo kikaja kabla ya kipindi.

"Sasa mama halali," Zuleka akasema. "Anataka tu kujua ile siku walicheka nini. Na hicho kipindi kitaonyeshwa mara moja. Nimeuliza kama tunaweza kupewa kopi, wakasema wao hawaweki vitu. Kikipita kimepita, na huko kwangu Nkubu kituo hicho hakishiki."

"Si aangalie tu siku hiyo?"

"Nyaga, mama yuko eda."

Nyaga aliyajua mambo ya eda nusunusu, kama jirani anavyojua mambo ya jirani. Zuleka akamjazia nusu nyingine. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, haonani na mwanamume ambaye angeweza kumwoa. Televisheni ya nyumba ile ilifunikwa leso tangu siku ya matanga, na Shangazi Safiya, dada wa marehemu aliyehamia pale kukaa na wifi yake, alikuwa ameapa haitafunuliwa mpaka eda iishe. Kwa mashine ya kurekodi alikubali, ila kwa sharti moja: isiongee, isivume, isitoe hata mguno. Nyumba ya eda ni nyumba ya kimya, alisema, na kitu chochote kitakachovuma humo atakitoa nje yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Basi niirekodi huku kwangu," Nyaga akasema. "Ni kazi ya dakika."

"Nilimwambia mama hivyo. Amekataa. Anasema, hayo maneno aliyasema ndani ya nyumba yangu, yatarudi ndani ya nyumba yangu. Watakaoona huko kwao waone, lakini ya kuwekwa iwekwe hapa."

Nyaga hakuuliza zaidi. Alisema ataitengeneza, na alisema hivyo kabla hajajua jinsi.

Kompyuta nyingi hupumua. Zina feni ya kupoza joto, na feni hata ikiwa mpya huvuma. Mchana humsikii mtu akiilalamikia, lakini iweke katika chumba cha mjane uone. Nyaga alitafuta moyo wa kompyuta ndogo, ile aina isiyokula umeme mwingi na hivyo isiyopata joto jingi, akaiondolea feni, akaifungia juu yake bati nene la alumini lenye meno marefu ili joto litoke lenyewe polepole. Umeme akaupitisha kwenye chaja ya nje kama ya laptopu. Akaichomekea king'amuzi kidogo cha kunasa matangazo ya antena, akaifundisha kuamka kwa saa iliyopangwa, kurekodi, kisha kurudi usingizini. Siku mjane atakapomaliza eda, angeiunganisha kwa waya mmoja tu kwenye televisheni yake na kubonyeza.

Mwanzoni aliiwekea diski kubwa, ile yenye mota ndani, inayoweza kurekodi wiki nzima bila kuchagua siku wala saa. Akaiweka mezani, akafunga dirisha, akainamisha sikio. Ilikuwa inavuma. Aliivika sponji, ikavuma. Aliitundika kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili isigusane na kasha, ikavuma kwa mbali zaidi, lakini yeye aliisikia. Basi akaing'oa. Mahali pake akaweka kumbukumbu ndogo isiyo na kitu kinachozunguka, inayobeba vipindi vichache tu. Hapo ndipo alipokosea, ila hakujua, kwa sababu kosa lenyewe lilifika limevaa nguo za ustadi. Akaendelea. Kulikuwa na kisauti chembamba kama cha mbu kilichotoka kwenye chaja, akabadilisha chaja. Kulikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka kila inaporekodi, akafikiria mwanga wake katika chumba cha giza, akaiziba kwa utepe mweusi. Mwishoni ikawa mashine ambayo ukiikaribia hujui kama inafanya kazi au ni kasha tupu. Tangu aanze ufundi hakuwahi kujivunia kitu kama alivyojivunia kimya kile.

Aliipeleka Dallas siku ya Jumatano. Alipanda paa, akaelekeza antena, akashuka, akaiweka mashine chini ya meza ya televisheni iliyofunikwa leso. Shangazi Safiya, mama mnene mwenye macho yasiyokosa kitu, alipiga magoti kwa shida akaiwekea sikio.

"Hii kitu imekufa ama iko hai?"

"Iko hai, Shangazi."

"Wallahi?"

"Gusa hapa juu. Si unasikia joto kidogo?"

Shangazi aligusa. Akainuka akijishika kiuno. "Basi imekaa eda kutushinda sisi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu akacheka kidogo katika nyumba ile. Kicheko chenyewe kilitoka nyuma ya pazia.

Pazia hilo lilitenga sebule na chumba cha ndani, na Kuruthumu alikuwa ameketi upande wa pili. Nyaga alimfahamu miaka yote, alikula chakula chake wakati wa Idi, lakini siku hiyo alikuwa sauti tu.

"Nyaga, umefika mwanangu."

"Nimefika, Mama Zuleka. Pole tena."

"Tushapoa. Zuleka amekuambia naitakia nini hii mashine?"

"Ameniambia, mama. Ile kicheko."

"Amekuambia nusu. Nusu nyingine hata yeye haijui, maana alikuwa mdogo." Pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyesogea karibu. "Hii si eda yangu ya kwanza, Nyaga. Baba Zuleka aliniacha zamani. Talaka moja. Tuligombana kwa neno la kijinga, akasema, nami nikafunga nguo zangu, nikambeba Zuleka, nikaenda kwa kaka yangu Meru. Masheikh wanasema mke wa talaka moja akae eda palepale kwa mumewe, lakini nani ana moyo huo? Nikakaa kule. Eda ikakaribia kuisha. Kisha siku moja nikamwona anaingia uani kwa kaka. Akaniambia, nimekuja kwa ajili ya mtoto. Basi. Nikamrudia. Miaka yote tumekaa vizuri, sitasema uongo, lakini hilo neno nimelala nalo. Kwa ajili ya mtoto. Mimi nilikuwa mlango tu wa kupitia, aende kwa mtoto wake."

Shangazi Safiya alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Sasa nikasikia jina langu na watu wanacheka," Kuruthumu akaendelea. "Nikajua amewasimulia ile talaka. Kama alinifanya mzaha mbele ya kamera, nataka nijue ni mzaha. Nitamsamehe, marehemu hawekewi kinyongo. Lakini nijue."

"Utajua, mama," Nyaga akasema. Aliahidi kwa moyo wote, na ahadi ilikuwa nyepesi mdomoni kwa sababu kazi yake aliiamini.

"Jana watu wa televisheni walipiga kwa simu ya marehemu. Wamenipa siku. Na ona rehema za Mungu, Nyaga. Siku zote hizo, imeangukia usiku wa Ijumaa. Saa mbili na nusu."

"Ijumaa usiku, saa mbili na nusu," Nyaga akasema, akiandika kwenye mashine.

"Naam. Usiku wa Ijumaa," sauti ikarudia kwa furaha.

Kompyuta huhesabu saa kwa Kizungu, na Nyaga alikuwa mwangalifu. Wengi wamekosa vipindi vyao kwa kuandika mbili pale panapotakiwa nane. Yeye alibadilisha vizuri, akahakiki mara mbili. Juu ya siku hakuhakiki chochote. Ijumaa ni Ijumaa. Alikunywa chai aliyoletewa na Shangazi, akaaga, akashuka mjini akiwa mtu mwenye raha.

Ijumaa asubuhi simu yake ililia. Alikuwa mama yake mzazi, Marcella, kutoka shambani Runyenjes, na kama kawaida yake alianza kuongea kabla mtu hajasema halo. Waliongea kwa Kiembu chao cha nyumbani.

"Nyaga, yule rafiki yako wa nyama, yule Muislamu aliyekufa. Nilimwona jana kwenye televisheni! Nilikuwa nimemaliza kula, nikawasha, nikamwona amekaa na kofia yake. Nililia mimi."

"Jana? Hapana, mama. Ni leo usiku."

"Kwani mimi sijui jana na leo? Jana Alhamisi, nilikuwa nimetoka kupeleka kahawa kiwandani na miguu inaniuma. Mwanangu, yule mzee alisema maneno, alisema…"

Nyaga alikata simu. Hakumkata mama yake kwa ubaya, ni mkono tu uliofanya hivyo. Alitoka, akavuka barabara hadi duka la viatu la Jamaldin, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatundika sandali mlangoni.

"Jamaldin. Usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Usiku wa Ijumaa? Si jana. Jana tulikuwa msikitini tunasoma Yasini."

"Jana ilikuwa Alhamisi."

"Mchana ilikuwa Alhamisi. Jua likizama, Ijumaa imeingia. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwetu ni hivyo." Jamaldin akamtazama vizuri. "Kuna nini? Umekuwa kama mtu ameona jini."

Miaka yote ile Nyaga alimwona Mzee Ismael akifunga bucha Ijumaa mchana kwenda kuswali. Ijumaa ya mchana aliijua kuliko Wakristo wengi wa mji ule. Hakujua tu kwamba ina usiku wake, na kwamba usiku huo hutangulia.

Alikwenda kituoni. Kijana wa mapokezi, mpole, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia walichomwambia Zuleka. Diski zao ni chache, kipindi kikishapita hufutwa ili cha kesho kipate nafasi. Kile cha jana kilifutwa jana ile ile. Nyaga aliomba waangalie tena. Waliangalia tena. Alipotoka nje, alisimama kando ya barabara akihesabu mambo aliyoyatoa kwa mkono wake mwenyewe ili kuipata sifa ya kimya. Diski kubwa ingerekodi wiki nzima na leo hii kosa la siku lisingekuwa kosa. Angeiacha ivume kidogo, Shangazi angegombana kidogo, na mzee angekuwa ndani.

Uongo ulimjia ukiwa tayari umepikwa. Jana jioni mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha Dallas stima hupotea. Nani angebisha? Stima ilipotea, mama, mashine ikazima. Kosa lisingekuwa la mtu, lingekuwa la mvua, na mvua haina aibu. Aliubeba uongo huo mdomoni kama mtu aliyebeba maji, hasemi na mtu njiani asije akaumwaga, mpaka akafika mlangoni.

Shangazi Safiya alimkaribisha. Kabla hajaketi, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Ni Nyaga? Nilijua utakuja. Ahsante, mwanangu. Mungu akupe."

Nyaga alifungua mdomo, na Kuruthumu akaendelea, kwa maana alikuwa na jambo na alikuwa akingoja mtu wa kumwambia.

"Jana baada ya kusoma Yasini, Safiya alilala. Mimi nikatoka hapa, nikaja sebuleni. Sikufunua televisheni, wala usimwambie mtu nilifunua. Nilikaa chini, gizani, nikaweka mkono juu ya ile mashine yako. Ilikuwa na joto kidogo, ulivyosema. Saa mbili na nusu ikafika. Nikaweka sikio. Kimya. Nikajiambia, sasa anapita hapa chini ya mkono wangu. Sasa anaulizwa, sasa anajibu. Nikakaa mpaka nikahesabu kipindi kimeisha. Nikamwambia, haya, umefika nyumbani. Nikaenda kulala, na nimelala, Nyaga. Ni usiku wa kwanza nimelala."

Maji yale yalimwagika yote. Nyaga alisimama, akavua kofia, akaikamata kwa mikono miwili.

"Mama Zuleka, hakuwa anapita. Mashine ilikuwa imelala."

"Imelala vipi?"

"Niliiandikia leo usiku. Uliniambia usiku wa Ijumaa, mimi nikaweka Ijumaa ya sisi, ya leo. Sikujua ni jana. Nimetoka kituoni, wamefuta. Ni mimi, mama. Si stima, si mashine. Ni mimi."

Kisha Shangazi Safiya akalipuka.

"Wee Nyaga! Miaka yote ukuta mmoja na ndugu yangu, na hujui usiku wa Ijumaa? Ulikuwa unasikiliza nini huko, mifupa?"

"Sikujua, Shangazi."

"Mwache, Safiya," Kuruthumu akasema.

"Nimwache? Amekuweka ukumbatie kopo tupu usiku kucha!"

"Mwache. Mimi nilisema kwa lugha yetu, yeye akasikia kwa lugha yao. Sote tulisema Kiswahili." Halafu akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, maana eda ilikuwa imemfundisha adabu hata katika kilio, lakini pazia ni kitambaa tu na Nyaga alisikia kila pumzi. Alitamani angekuwa kiziwi. Sikio lile lililomletea sifa mjini kote lilimuadhibu pale aliposimama.

Aliona aondoke. Akafika mlangoni, ndipo akakumbuka kitu ambacho kwa hofu yake alikuwa hata hajakiuliza.

"Mama Zuleka. Mama yangu aliona kipindi, huko Runyenjes. Chote. Alitaka kuniambia, nikamkatia simu."

Kilio kikakoma.

"Mama yako ni mtu wa kuongeza chumvi?"

Nyaga akafikiria, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli. "Akiongeza, anasema ameongeza."

"Mlete."

Marcella alishuka mjini kesho yake na mkungu mdogo wa ndizi, gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wajane wawili, maana Marcella naye alifiwa na mume zamani, wakaamkiana kwa Kiembu kupitia pazia, kisha Shangazi Safiya akaliinua akamwingiza ndani, na likashuka. Nyaga alibaki sebuleni peke yake, karibu na mashine yake. Shangazi hakumfukuza. Alimwekea chai, akaenda kuketi na wenzake.

Marcella hakuharakisha. Alianza na kofia jinsi ilivyokaa, na kiti, na kwamba mzee alikuwa amekonda uso kidogo lakini macho yalikuwa yake. Mtangazaji, kijana wa kiume mwenye sauti kubwa, alimuuliza, "Mzee, miaka yote hii na visu, kisu kimewahi kukukata vibaya?" Mzee akaonyesha vidole vyake kimoja kimoja. Hapo sauti ya Marcella ikabadilika. Hakuigiza kwa mzaha, ila alikuwa mwanamke aliyezoea kusimulia, na maneno ya mtu huyapa sauti ya mwenyewe.

"'Kisu hakijanikata kama ulimi wangu ulivyonikata,' akasema. 'Mke wangu Kuruthumu nilimwacha wakati mmoja kwa neno la kijinga. Nikafunga bucha jioni, nikaingia nyumbani. Hakuna wa kuniambia nimeleta mifupa mitupu. Hakuna wa kuniambia nivue viatu. Nikapika mwenyewe, nikaunguza, nikagombana na sufuria. Jioni baada ya jioni, mimi na sufuria. Mimi nikisema, sufuria haijibu.'" Marcella akavuta pumzi. "Hapo ndipo walicheka. Yule kijana, na wengine nyuma ya kamera."

"Endelea," Kuruthumu akasema.

"Kisha akasema, 'Kimya kile kilinishinda. Nikamfuata Meru kwa kaka yake. Nilipomwona nikaona haya, mwanamume mzima. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nilimdanganya. Mtoto nilimpenda, lakini hata alipokuwa nyumbani, mtoto alikuwa amelala kila jioni saa moja. Nilikuja kwa ajili ya Kuruthumu mwenyewe. Mpaka leo sijamwambia, na yuko hapo jikoni. Nikimwambia uso kwa uso nitashindwa. Atasikia hapa.'"

Nyaga, sebuleni, alikuwa amekamata kikombe kilichopoa na hakukumbuka kukiweka chini.

"Yeye alicheka?" Kuruthumu akauliza hatimaye. "Walipocheka, yeye alicheka nao?"

"Hapana. Walicheka wao. Yeye alingoja wamalize, ndipo akasema lile la mtoto."

"Hukuongeza hapo?"

"Hapo sikuongeza. La kukonda uso niliongeza kidogo."

Kuruthumu akalia, safari hii kwa sauti, bila adabu ya eda wala ya kitu chochote, na Shangazi Safiya, mlinzi wa kimya cha nyumba ile, hakumnyamazisha. Yeye mwenyewe alikuwa akilia, na alikuwa na sauti kubwa zaidi. Walilia mpaka wakatosheka, kama wanawake wanavyojua. Kisha mmoja akapenga kamasi, na Nyaga akamsikia Kuruthumu akisogea kwenye mkeka, akijiweka sawa.

"Sema tena," akasema.

Na Marcella akaanza upya, polepole, kutoka pale kijana anapouliza kuhusu kisu.